Mnyororo au mstari wa nafasi: mchoro upi kwa fumbo lipi la mfuatano

Lori limeingia sokoni alfajiri na mizigo saba: bizari, dagaa, fenesi, kahawa, mchele, nazi na samli. Inashushwa mmoja mmoja. Kahawa ishushwe kabla ya mchele. Nazi nayo kabla ya mchele. Mchele utangulie dagaa, na utangulie samli pia. Bizari ishuke kabla ya nazi. Fenesi lishuke baada ya kahawa. Ni mzigo gani unaoweza kuwa wa mwisho kushuka?

Sasa twende shuleni. Siku ina vipindi sita na masomo sita: Baiolojia, Fizikia, Hisabati, Jiografia, Kiswahili na Uraia. Fizikia iwe mara tu kabla ya Hisabati. Kiswahili kiwe kipindi cha kwanza au cha sita. Kati ya Baiolojia na Uraia kuwe na kipindi kimoja kamili, si zaidi wala pungufu. Jiografia haikutajwa popote. Je, Jiografia inaweza kukaa kipindi gani?

Mafumbo haya ni ya ukoo mmoja. Yote mawili yanataka upange vitu kwa mfuatano, na hakuna linalohitaji hesabu ngumu wala elimu ya darasani. Mwanafunzi anayekutana nayo mara ya kwanza huyachora kwa namna moja: anaandika namba kuanzia 1 hadi ya mwisho, kisha anaanza kujaribu kujaza. Hapo ndipo dakika zinapoyeyuka. Fumbo la lori linataka mnyororo, yaani herufi za vitu zilizounganishwa kwa mistari inayoonyesha nani yuko kabla ya nani. Fumbo la ratiba linataka mstari wa nafasi, yaani zile namba zilizopangwa na kujazwa. Nimewaona vijana wenye akili nzuri kabisa wakijitangaza kuwa "hawana kichwa cha mantiki", kumbe tatizo lao lote lilikuwa kuchagua mchoro usio wa fumbo lile. Kwa hiyo nitailinganisha michoro hii miwili kwa mafumbo hayohayo mawili, ili ukikaa mbele ya mtihani uchague kwa sababu na si kwa mazoea.

Kwanza, nani anayahitaji leo

Kwa miaka mingi makao ya mafumbo haya yalikuwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, unaotungwa na baraza liitwalo Law School Admission Council. Sehemu ya mafumbo ilikuwa na mafumbo manne, maswali 22 hadi 24, na dakika 35. Ukigawanya, kila fumbo linapata dakika 8 na sekunde 45 pamoja na maswali yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa matano hadi saba.

Sehemu hiyo haipo tena. Mtihani wa Juni 2024 ndio uliokuwa wa mwisho kuwa nayo. Kuanzia Agosti 2024, LSAT ina sehemu mbili za hoja za mantiki na moja ya ufahamu, pamoja na nyingine moja isiyohesabiwa alama. Chanzo cha mabadiliko hayo kinahusu michoro yenyewe. Watahiniwa wasioona walikwenda mahakamani wakieleza kwamba sehemu ambayo karibu kila mtu huifanya kwa kuchora haiwapi nafasi sawa na wenzao, na mwaka 2019 wakafikia makubaliano na baraza hilo kwamba njia nyingine ya kupima fikra itafutwe. Naona walikuwa na haki. Anayeona na anayetumia mchoro alikuwa na chombo mkononi ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Kwa hiyo kama unajiandaa kwa LSAT ya sasa na umepata kitabu cha mtumba chenye sura nene ya mafumbo, ziruke sura hizo. Usizisomee usiku kucha kwa ajili ya mtihani usioziuliza. GRE, mtihani wa kuingia masomo ya uzamili, nayo iliwahi kuwa na mafumbo ya namna hii, ikayaondoa mwaka 2002.

Kuna mitihani ambayo bado inayauliza. UCAT, ambao ni mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari na udaktari wa meno Uingereza, Australia na New Zealand, una sehemu ya kufanya maamuzi ambayo ndani yake yamo mafumbo ya kupanga. Tangu 2025 sehemu hiyo ina maswali 35 kwa dakika 37. Nchini India, CAT, mtihani wa kuingia vyuo vya usimamizi vya IIM, huleta mafumbo kwa seti, kila seti na maswali kadhaa, na kila sehemu ya mtihani ina dakika 40. Na waajiri wengi siku hizi huwapa waombaji wa kazi majaribio ya mantiki ambamo foleni, ratiba na safu za viti hazikosekani.

Tofauti hiyo ya idadi ya maswali ishike vizuri, kwa maana nitairudia. Fumbo la LSAT lilikupa mchoro mmoja wa kutumia kwa maswali sita. Fumbo la UCAT linakupa swali moja, na sekunde 60 na kitu. Mchoro uleule unaweza kuwa busara kwenye mtihani mmoja na hasara kwenye mwingine.

Kulitambua fumbo kabla ya kushika kalamu

Kwanza hakikisha ni fumbo la mfuatano kweli. Kila kitu kina nafasi moja, kila nafasi ina kitu kimoja, na nafasi zina mpangilio: siku za wiki, vipindi, namba za nyumba, wa kwanza hadi wa mwisho. Kama watu wanagawanywa katika timu mbili, huo si mfuatano hata kama wametajwa kwa orodha ndefu. Kama vitu ni vinane na siku ni tano, kuna siku zenye zaidi ya kitu kimoja, na hapo neno "kabla" linabadilika sura: vitu viwili vinaweza kuwa siku moja, hakuna aliyetangulia. Liweke hilo akilini, kwani "si kabla ya" halina maana ya "baada ya" pale ambapo usawa unaruhusiwa.

Ukishathibitisha ni mfuatano, yasome masharti yote kabla ya kuchora hata moja. Jiulize swali moja tu: masharti haya yanazungumzia *uhusiano* au *mahali*?

Masharti ya uhusiano husema nani yuko kabla ya nani, bila kusema kwa umbali gani. Kahawa kabla ya mchele. Fenesi baada ya kahawa. Hayataji namba yoyote.

Masharti ya mahali yanataja namba, au umbali kamili, au ujirani. Kipindi cha kwanza au cha sita. Mara tu kabla. Kipindi kimoja kamili katikati. Si siku ya tatu. Mwishoni mwa safu.

Hapa kuna mtego ambao sisi wa Kiswahili huuingia kwa wepesi kuliko wengine. Kwenye foleni ya kinyozi mtu akiuliza "nani anafuata?", anamaanisha yule wa sasa hivi, anayekalia kiti kinachoachwa. Katika mazungumzo yetu kufuata ni kuwa nyuma kabisa ya mwenzako, unamkanyaga visigino. Katika mtihani, kitu kinachokuja baada ya kingine kinaweza kuwa nyuma yake kwa nafasi moja au kwa nafasi tano. Ukikosea hapo unageuza sharti la uhusiano kuwa la mahali, na mchoro mzima unapotea njia. Ujirani upo pale tu unapoandikwa waziwazi: mara tu, papo kwa papo, bila kitu katikati.

| Sharti linasema | Ni la | Mchoro unaolibeba vizuri |
|---|---|---|
| A kabla ya B | uhusiano | mnyororo |
| A kabla ya B na pia kabla ya C | uhusiano | mnyororo unaogawanyika |
| A mara tu kabla ya B | mahali (ujirani) | kipande AB juu ya mstari |
| Kitu kimoja kamili kati ya A na B | mahali (umbali) | kipande A_B au B_A juu ya mstari |
| A ni wa kwanza au wa mwisho | mahali | mstari, mara mbili |
| A angalau nafasi mbili kabla ya B | katikati ya yote | mnyororo wenye alama ya pengo |

Ukihesabu masharti na ukaona manne kati ya matano ni ya uhusiano, chora mnyororo. Yakiwa mengi ni ya mahali, chora mstari. Hesabu hiyo haichukui sekunde kumi.

Mnyororo kazini

Turudi kwenye lori. Tumia herufi za kwanza, B, D, F, K, M, N, S. Kushoto ni kushuka mapema, kulia ni kushuka baadaye. Unganisha kila sharti na lililotangulia badala ya kuliandika peke yake pembeni:

```
B — N          D
       \     /
         M
       /     \
    K          S
       \
         F
```

Hebu utazame kama nasaba. M ni mtoto wa N na wa K. B ni babu yake. D na S ni watoto wa M, na F ni mtoto mwingine wa K. Wasiounganishwa na mstari wa kwenda mbele hawana amri juu ya wenzao: D na S ni ndugu, lakini hujui nani alizaliwa kwanza. F na M vilevile. F akachorwa chini ya D na S au juu yao, haina maana yoyote. Kosa kubwa la wachoraji wa mnyororo ni kusoma urefu wa mstari kama umbali, au kudhani aliyechorwa kulia zaidi lazima aje baadaye. Fuata mistari tu, usifuate macho.

Sasa majibu yanajitokeza bila kujaribu kitu. Anayeweza kuwa wa kwanza ni yule asiye na mtu kushoto kwake: B au K. Anayeweza kuwa wa mwisho ni yule asiye na mtu kulia: D, S au F. Swali la mwanzo limejibiwa.

Mnyororo una zawadi nyingine ambayo naiona ndiyo thamani yake hasa. Kwa kila mzigo, hesabu wazee wake wote na kizazi chake chote. M ana wazee watatu (B, N, K), kwa hiyo hawezi kushuka kabla ya nafasi ya 4. Ana watoto wawili (D, S), kwa hiyo hawezi kupita nafasi ya 5. Mzigo huu umebanwa kwenye nafasi mbili, na hakuna sharti hata moja lililotaja namba! Ni F anayeamua: akishuka kabla ya M, M ni wa 5, akishuka baada yake, M ni wa 4. Kwa hesabu hiyohiyo B na K hawavuki nafasi ya 3, N yuko kati ya 2 na 4, D na S hawaji kabla ya 5. F, mwenye mzee mmoja na asiye na kizazi, anatangatanga kuanzia 2 hadi 7. Huyo mtangatangaji mtie duara, maana maswali mengi yatamhusu.

Na kweli, mtihani ukiuliza "fenesi likishuka la tatu, lazima nini kiwe kweli?", tazama mbele ya F wako wawili tu. Mmoja ni K, mzee wake. Mwingine hawezi kuwa N, kwa kuwa N angemhitaji B mbele yake na nafasi zimekwisha. Basi ni B. Wengine wanajipanga wenyewe: N wa 4, M wa 5, D na S wakigombea 6 na 7. Neno moja limefunga karibu fumbo zima.

Mipangilio halali ya lori hili ni 30. Usijaribu kuiandika. Mnyororo unaibeba yote 30 katika mchoro mmoja wenye herufi saba.

Mstari wa nafasi kazini

Ratiba ya shule ni kiumbe kingine. Masharti yote matatu ni ya mahali. Andika nafasi sita, kisha kando yake, kwa herufi za kwanza za masomo sasa, andika vipande: kipande kigumu FH, na kipande chenye pengo, B_U ambacho kinaweza kugeuka kuwa U_B.

Kabla ya kujaza, tazama lile pengo. Nani anaweza kukaa kati ya B na U? K hawezi, yuko pembeni daima. F hawezi, kwa sababu H lazima imfuate mara moja na nafasi hiyo tayari ni ya B au U. H hawezi kwa sababu hiyohiyo kinyume chake. Amebaki J peke yake. Somo ambalo halikutajwa na sharti lolote ndilo lililofungwa kuliko yote: daima liko katikati ya Baiolojia na Uraia. Mwanafunzi anayeruka hatua hii akaanza kujaribu nafasi atalipia kwenye kila swali.

Sasa una kipande cha tatu (B J U, au U J B), kipande cha mbili (F H), na K wa pembeni. Kwa kuwa K ana sehemu mbili tu, chora mistari yote:

```
1  2  3  4  5  6
K  F  H  _  J  _
K  _  J  _  F  H
F  H  _  J  _  K
_  J  _  F  H  K
```

Alama za chini ni za B na U, wanaobadilishana. Mistari minne, mipangilio minane. Masomo sita bila sharti lolote yangepangika kwa namna 720, na masharti matatu yameziangusha hadi 8. Jiografia inaweza kuwa kipindi cha 2, 3, 4 au 5, kamwe si cha kwanza wala cha mwisho. Ukiulizwa lolote kuhusu ratiba hii, jibu unalisoma machoni. "Hisabati ikiwa kipindi cha tatu, Kiswahili kiko wapi?" Mstari wa kwanza tu ndio wenye H ya tatu. Kiswahili ni cha kwanza.

Ukiibadilisha

Jaribu ratiba kwa mnyororo. Unapata F — H, na basi. K hana uhusiano na mtu. B na U hujui nani yuko kushoto. Mchoro wako una mstari mmoja na herufi nne zinazoelea hewani, na ile siri ya J haionekani kabisa, kwa sababu imo kwenye pengo na mnyororo hauna mapengo.

Jaribu lori kwa mstari wa nafasi. Hakuna wa kumweka popote kwa uhakika. Walimu wengi wa maandalizi hufundisha kuandika chini ya kila nafasi wale wasioweza kukaa hapo: chini ya 1, N, M, D, S, F hawawezi, chini ya 2, M, D, S hawawezi, na kuendelea hadi 7. Si kosa, na majibu yatatoka. Lakini ni kazi ya dakika mbili kupata kile ambacho mnyororo ulikupa kwa kuhesabu vidole, na herufi zinajaa chini ya mstari hadi hujui ulichoandika. Zaidi ya hapo, orodha ya wasioweza haisemi *kwa nini* hawawezi. Swali likibadilisha sharti moja katikati, na LSAT ilipenda kufanya hivyo, mwenye mnyororo anakata mstari mmoja na kuendelea, mwenye orodha anaanza upya.

Ukinilazimisha kumfundisha mtu mmoja tu kati ya michoro hii, nitamfundisha mnyororo. Mstari wa nafasi watu huugundua wenyewe, ni kama kalenda. Mnyororo lazima uonyeshwe.

Masharti yakichanganyika

Mara nyingi fumbo haliji safi. Ongeza sharti moja kwenye lori: nazi ishuke ya nne. Sasa una mahali ndani ya mahusiano. Utaratibu ninaoushauri ni uleule kila mara: mnyororo kwanza, mstari chini yake, kisha shusha kutoka mnyororo hadi mstari. N yuko 4. Kizazi chake ni M, D, S, watatu, na nafasi zilizobaki kulia ni tatu. Basi M wa 5, D na S 6 na 7. Kushoto wamebaki B, K na F, na K yuko kabla ya F. Yamekwisha.

Anayeanza na mstari atamweka N kwenye 4 kisha atakaa akikuna kichwa, kwa sababu namba moja kwenye mstari mtupu haisemi kitu.

Kuna sharti jingine linalowatisha wengi, lile la "ama". Liondoe lile la nazi ya nne, uweke hili: fenesi lishuke ama kabla ya nazi, ama baada ya samli. Usiliandike pembeni ukalikumbuka baadaye, utalisahau. Chora minyororo miwili. Katika wa kwanza, B, K na F wote wako mbele ya N, kwa hiyo N ni wa 4, M wa 5, na mwishoni D na S. Katika wa pili, F yuko nyuma ya S, kwa hiyo B, N na K wanachukua 1 hadi 3, M ni wa 4, na D, S, F wanamalizia, S kabla ya F. Wa kwanza una mipangilio 6, wa pili 9. Sharti lililoonekana kuongeza ugumu limekata mipangilio 30 hadi 15, na katika pande zote mbili M amepata mahali pake. Kuligawa fumbo panapo "ama" ni karibu daima biashara yenye faida.

Kuchora yote mapema, au swali kwa swali

Huu ndio uchaguzi wa pili, na hapa ndipo ile idadi ya maswali inaporudi.

Katika mtihani wa seti, kama CAT au LSAT ya zamani, unalipa mara moja na kula mara tano au sita. Kanuni ninayoitumia: kama fumbo linagawanyika kwa mistari minne au pungufu, ichore yote kabla ya swali la kwanza. Ratiba yetu ni mfano. Ikizidi minne, simama. Chora mchoro mkuu mmoja, na kwa kila swali la "ikiwa" chora mstari mdogo pembeni ya namba ya swali hilo. Usifute. Mstari uliochora kwa swali la tatu ni mpangilio halali uliothibitishwa, na swali la sita likiuliza "nani anaweza kuwa wa pili?" utakuta majibu mawili tayari yameandikwa kwa mkono wako.

Katika UCAT, hesabu inageuka. Swali moja, chini kidogo ya sekunde 64. Hapo kuchora mistari minne ya ratiba ili kujibu swali moja ni ukarimu uliopitiliza. Soma swali na machaguo kabla ya masharti. Kama machaguo ni mipangilio kamili, usichore chochote: chukua sharti la kwanza, pita kwenye machaguo yote, ufute linalolivunja, kisha sharti la pili. Kwa kawaida yanabaki mawili baada ya masharti mawili. Kama swali ni "lipi lazima liwe kweli?", anza na kitu kinachotajwa na masharti mengi zaidi, kama M kwenye lori, kisha chora mnyororo mfupi kumzunguka yeye tu.

Sharti lenye namba liwekwe kwanza daima, hata kama limeandikwa la mwisho. Watunzi hupenda kulificha mwishoni. Na kama umefika sekunde ya 90 bila jibu, weka alama, kisia, endelea. Swali hilo halina uzito zaidi ya jirani yake la sekunde 30.

Jambo la vifaa nalo lina uzito. Kwenye kituo cha UCAT unapewa daftari lenye kurasa za plastiki na kalamu ya kuandikia juu yake, na fumbo liko kwenye skrini. Huwezi kuandika kwenye swali lenyewe. Kurasa zile zinateleza, herufi ndogo za "wasioweza" chini ya kila nafasi hazisomeki vizuri. Mnyororo wa herufi kubwa saba unasomeka. Anayejiandaa kwa kalamu ya risasi na karatasi ya rafu nyumbani, wiki mbili za mwisho abadilishe: nunua kalamu ya ubao mweupe, kata karatasi ngumu ufunike kwa nailoni, weka mafumbo kwenye simu au kompyuta mbele yako, ufanye hivyohivyo. Mkono nao unahitaji mazoezi.

Kwa mazoezi yenyewe, mafumbo ya zamani ya LSAT bado ni bora kuliko mengi yanayotungwa leo, hata kwa mtu asiyeota kwenda shule ya sheria. Yaliandikwa kwa uangalifu, hayana sharti lenye maana mbili, na kila jibu linathibitika. Chukua fumbo moja, lifanye kwa mnyororo, kesho yake lifanye tena kwa mstari wa nafasi, na uandike juu ya ukurasa dakika ulizotumia kila mara. Baada ya mafumbo kumi hutahitaji kuulizwa mchoro upi ni wa lipi, kwa sababu dakika zako mwenyewe zitakuwa zimeandikwa pale, mbili mbili, kwa mwandiko wako.